Mume wangu anahesabu lita, mimi nimependa usukani

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 37, naishi Buhongwa hapa Mwanza. Nafanya kazi ya uhasibu kwenye kampuni ya samaki. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu sekondari. Hiyo ya hesabu nimeitaja makusudi, utaona mbele.

Tuna Vitz ya cc 990. Tuliinunua mwaka 2017 kwa mtu hapahapa mjini, na kwa kazi iliyotufanyia sina la kuilaumu. Imebeba saruji tulipokuwa tunajenga. Imenipeleka leba usiku wa manane kwa mtoto wa pili. Tangu siku ya kwanza mume wangu ana daftari dogo ndani ya droo ya dashibodi. Kila tukitoka sheli anaandika tarehe, lita, bei na kilomita zilizosoma, na jioni anagawanya. Ikitoka 15 kwa lita, nyumbani kuna amani. Ikitoka 12, naulizwa nilipita wapi.

Kwa mwezi tunatembea kama kilomita 1,200: kazini, shuleni kwa watoto, kanisani, na safari moja ya Musoma kwa mama yangu, ambaye afya yake siku hizi inayumba. Hiyo ya Musoma ndiyo iliyoanzisha yote.

Desemba iliyopita tulikuwa watano garini. Mimi nikiendesha, mume wangu pembeni, mama mkwe nyuma katikati ya wajukuu, na kwenye buti gunia la mchele na mikungu miwili ya ndizi. Eisii iliwashwa kwa ajili ya mama mkwe. Tulipovuka Magu tukakuta lori la mizigo linajivuta kilomita 60. Nikaona barabara nyeupe, nikatoka kulipita, nikakanyaga mafuta mpaka chini. Anti, gari lilipiga kelele tu. Mshale ulikuwa unapanda kama bibi mwenye magoti mabovu anavyopanda ngazi. Nilikuwa nimefika usawa wa matairi ya katikati ya lori nilipoona Coaster inakuja inaniwashia taa. Nikafunga breki, nikarudi nyuma ya lori. Hakuna aliyeumia. Mama mkwe alianza kusali kwa sauti na hakunyamaza mpaka Lamadi. Mume wangu hakufoka, alisema tu, "Ndiyo maana nakwambia usipitepite magari. Kaa nyuma ya lori, na mafuta unaokoa."

Sasa, mdogo wangu wa kiume ana Suzuki Swift ya cc 1300, gia za mkono. Aliposafiri kikazi aliniachia ufunguo niwe naiwasha betri isife. Jumapili moja nikasema, badala ya kuiwasha tu ikiwa imesimama, si niitembeze? Nikashika njia ya Usagara, nikakata kulia, nikavuka daraja la Kigongo–Busisi hadi karibu na Sengerema, nikageuza.

Sijui nikuelezeje. Gia za mkono nilijifunzia chuo cha udereva, nikazisahau, kumbe mguu ulikuwa unakumbuka. Kwenye kona gari linakwenda pale unapoangalia. Unarudisha gia ya tatu, injini inaitika kama mtoto aliyeitwa kwa jina lake. Juu ya daraja, ziwa huku na huku, upepo unaligusa gari ubavuni na wewe unausikia kwenye viganja. Nilirudi nacheka peke yangu. Nina miaka 11 barabarani, sikuwahi kujua kuendesha kuna raha.

Tangu siku hiyo nimeitoa mara sita. Mdogo wangu mwenyewe hana neno. Naweka mafuta ya elfu 20 kwa hela yangu, na nyumbani naaga kwamba nakwenda mazoezi ya kwaya. Mwezi uliopita tochi ikaninasa: kilomita 67 mahali pa 50. Nikaandikiwa, nikasema nitalipa, nikasahau. Mdogo wangu akakuta deni la elfu 30 kwenye namba ya gari lake, akalipa, halafu akaja kunitania mezani mbele ya mume wangu: "Dada, siku hizi kwaya mnaimbia barabarani?"

Mume wangu alicheka naye. Mgeni alipoondoka hakusema neno. Kesho yake asubuhi, nikiwa natafuta kalamu ndani ya Vitz, nikafungua daftari. Chini ya hesabu za wiki ameandika kwa mkono wake: "Swift, lita ngapi?"

Na hapo hapo tunabadilisha gari. Tumeshaweka milioni 8, tano kati yake zimetoka kwenye kikoba changu, na tukiuza Vitz tutaongezea. Yeye anataka Vitz ya toleo la mbele zaidi, au Passo, cc hizohizo. Anasema ushuru wake ni mdogo, spea kila kona, na mafuta inanusa tu. Mdogo wangu anauza Swift kwa sababu anataka gari la juu, na amenipa bei ya undugu. Nilipoligusia, mume wangu alitoa sentensi moja: "Gari ni chombo, si ngoma." Nikimkumbusha ya Magu, ananiambia dawa ni subira.

Nasikia aibu, Anti. Lita moja ni karibu elfu 3, watoto wanataka ada, mama anaumwa, na mimi mtu mzima natafuta raha ya kona? Lakini nikikaa kwenye Vitz sasa najiona kama nimevaa viatu vya mtu. Nimkubalie yaishe, au nishikilie Swift kwa kuwa hela nyingi ni zangu? Na hilo la kwaya nilifanyeje?

Mpenda Usukani, Buhongwa

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa ndani ya daladala iliyokwama foleni ya Mabatini, kwa hiyo nafasi ya kuifikiria nilikuwa nayo. Naona umenitumia barua mbili katika bahasha moja. Moja inahusu magari: mmezoea gari dogo linalobana matumizi, wewe umeonja jingine lililokufurahisha, na hela iliyopo inatosha moja tu. Nyingine inahusu kwaya. Ya magari umeiandika kwa kirefu, ya kwaya umeimaliza kwa mistari michache, na nadhani unajua mwenyewe ipi inakukosesha usingizi. Nitaanza na magari kwa sababu ni mepesi zaidi, na kwa sababu nayapenda. Marehemu baba alinifundishia kwenye pikapu ambayo ukitaka ikate kona ilibidi uitumie taarifa mapema, kwa hiyo nikisikia mtu anasema gari linakwenda pale unapoangalia, namuelewa.

Turudi Magu. Wewe umehitimisha kwamba Vitz ilikuangusha. Hebu tuitazame siku ile kwa karibu. Injini ile ya lita moja ikiwa mpya ina nguvu za farasi kama 70. Lakini sisi wa kanda ya ziwa tunasahau kwamba tunaishi juu. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,130 kutoka usawa wa bahari, hewa huku ni nyepesi kuliko ya Dar, na injini isiyo na taabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, inavuta hiyohiyo iliyopo. Kadirio la kawaida ni kwamba kila mita 100 unazopanda zinaondoka na kama asilimia moja ya nguvu. Kwa hiyo farasi wako 70 walikuwa wamebaki 62 hivi kabla mama mkwe hajafunga mlango. Eisii nayo ikachukua wake kadhaa. Halafu ukapakia watu watano, gunia na ndizi, tuseme kilo 350, juu ya gari ambalo lenyewe halifiki tani. Ulikuwa umemfunga punda mmoja kwenye mkokoteni wa ng'ombe wawili, mwanangu, halafu ukataka akimbie.

Mzigo uleule ukiupakia kwenye Swift ya cc 1300, yenye farasi kama 90 kwenye karatasi na kama 80 huku kwetu, mambo yangekuwa mepesi kiasi. Kiasi, si sana. Huenda ungelipita lori, na huenda ungeanza kulipita mahali ambapo hukupaswa, kwa sababu gari linaloitika humpa mtu moyo hata wa kufanya makosa. Iwe gari lolote mtakalobaki nalo, zima eisii kabla ya kutoka, shusha gia ukiwa bado nyuma ya lori badala ya kusubiri guu lifike chini, na uwe umeacha nafasi ya kuchanganyia mwendo. Na kabla ya yote, mara ya mwisho Vitz ilibadilishwa plagi na ea klina lini? Upepo wa matairi je? Gari la miaka mingi linaweza kuwa linadai sevisi ya elfu chache, sisi tunaliita chovu.

Mume wako naye nimtendee haki. Aliposema kukaa nyuma ya lori kunaokoa mafuta hakukosea. Ukitoka mwendo wa 60 kwenda 100, upepo unaokukaba kifuani unakaribia mara tatu, na wa kuulipia ni wewe. Ninachojiuliza ni kama "subira" ndiyo jibu zima kwa mtu aliyeiona Coaster ikimjia na watoto wake wako nyuma. Wewe ulikuwa unamwambia "niliogopa", yeye akasikia "nataka mwendo". Hayo mawili yanafanana sana yakisemwa garini.

Sasa twende kwenye lita, maana ndipo mzee anapoishi. Chukueni kilomita zenu 1,200 kwa mwezi. Kwa 15 kwa lita ni lita 80. Tuseme Swift inakupa 12. Ni lita 100. Tofauti ni lita 20, na kwa bei uliyonitajia ni elfu 60 kwa mwezi, laki 7 na elfu 20 kwa mwaka. Basi, hiyo ndiyo bei ya raha yako kwa mwaka ukiipima kwa daftari la mume wako. Kwa mwalimu na mhasibu wenye ada na mgonjwa Musoma si hela ya kudharau. Lakini naona kwenye barua yako kila mtu anaizungumzia kana kwamba haina idadi: wewe unaionea aibu, yeye anaiogopa, na hakuna aliyeiandika mezani.

Tena hiyo 12 nimeiweka mimi. Yenyewe inaweza kuwa zaidi. Umeshaitoa mara sita kwa mafuta ya elfu 20 na hujaniambia umepata kilomita ngapi, jambo lililonishangaza kwa mhasibu! Zile namba tamu za 20 na kuendelea ambazo wauzaji wa magari ya Japani huziandika kwenye matangazo msizitegemee nyote wawili. Kwa magari ya umri huo zilitokana na kipimo cha maabara ambacho mwendo wake haukuvuka kilomita 70 kwa saa, na hakikuwa na mlima wa Bugando. Injini ndogo ikikamuliwa kila mlima na kila mzigo, ule unusaji wake wa mafuta unaisha. Angalia zile siku zenu za 12 kwenye daftari: zilikuwa siku za nini? Kama ni siku za Musoma mkiwa mmejaa, basi pengo kati ya Vitz na gari lenye injini kubwa kidogo, hasa kwenye safari hiyo, ni dogo kuliko mnavyodhani.

Hoja ya ushuru mniwie radhi, mimi naiona imekufa. Ni kweli ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini hauligusi gari lisilozidi cc 1000, lakini hiyo ni kwa anayeagiza nje. Swift ya mdogo wako ina namba za Tanzania tayari. Hoja ya spea ndiyo nzito. Spea za Toyota Mwanza unazikuta hata pasipo na duka. Za Suzuki utapata za kawaida, lakini siku ikiharibika kitu kisicho cha kawaida unaweza kusubiri basi la Dar. Klachi nayo inaisha, na aliyejifunza upya gia za mkono juzi huimaliza mapema. Mbane mdogo wako, tena kabla ya kuongelea bei ya undugu: klachi imebadilishwa lini, bushi na shokapu zikoje, kwa nini hasa anauza. Undugu unashusha bei, ila fundi hajui kama mlinyonya titi moja.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo naona nyote wawili mmelichukua kama lilivyo bila kulichungulia. Mmeamua kwamba raha na kubana mafuta ni watu wawili wasiosalimiana. Wewe unaona ukifurahi umefuja, yeye anaona ukibana lazima ununie usukani. Hebu nisomee tena ulichofanya siku ile ya daraja. Uliiona kona mapema. Ukachagua gia kabla hujaifikia. Ukaingia bila kufunga breki kwa ghafla, ukatoka na mwendo wako. Mwanangu, hicho ndicho anachofanya dereva anayebana mafuta. Kila ukikanyaga breki unageuza mafuta uliyoyalipia kuwa joto la pedi. Anayeisoma barabara mbele, akaubeba mwendo wake bila kuumwaga, anafurahi zaidi na anatumia kidogo zaidi kwa mguu uleule. Tofauti inakuja pale anapotoka kwenye kona na kukanyaga mpaka chini kwa sababu sauti ya injini ni tamu. Kile kilomita 67 mahali pa 50 sidhani kilitokana na kona.

Na upande wa pili: je, mume wako ni wale wanaoweka gia frii kwenye mteremko ili kuokoa mafuta? Wanaume wengi wa daftari huwa nao huo ugonjwa. Kwenye injini hizi zinazonyunyiziwa mafuta kwa sindano, ukiteremka ukiwa kwenye gia na mguu umeuondoa, kompyuta inakata mafuta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka frii, injini inabidi inywe ili isizime, na wewe umebaki na breki peke yake. Yaani anachopoteza hapo ni mafuta na usalama kwa pamoja, akiamini anaweka akiba. Usimwambie kwa kumsuta. Lakini ungekuwa mjadala mzuri kwa mwalimu wa hesabu kuliko "gari ni chombo".

Wako watengenezaji walioliona hili zamani. Mazda walipoitoa Demio mpya mwaka 2007 hawakuipa injini ya kutisha. Waliipunguza uzito, kama kilo 100 chini ya ile iliyotangulia, na mwaka 2008 ikatwaa tuzo ya Gari Bora la Dunia. Gari jepesi halisumbuki kuondoka, halisumbuki kusimama, na kwenye kona halikupigii kelele. Wepesi unamfurahisha dereva na mweka daftari kwa wakati mmoja. Siitaji ili ukanunue Demio, maana kilio cha spea kinarudi palepale. Naitaja kwa sababu mnajadili kana kwamba dunia ina magari mawili. Ipo hata IST ya cc 1300, ambayo mjini kwetu imejaa kama dagaa. Mimi naiona kama wali mweupe: haikuudhi, haikuimbii. Lakini ina farasi 87, na fundi yeyote anaifungua akiwa amefumba macho. Wapo waliokubaliana hapo katikati wakaishi vizuri. Wapo pia waliokubaliana hapo katikati na kila mmoja akabaki na kinyongo chake.

Swali lingine nakuuliza taratibu. Raha ile ilikuwa ya Swift, au ya Jumapili? Ulikuwa peke yako. Hakuna mtoto anayetaka kukojoa, hakuna anayekuuliza ulipita wapi, mbele yako daraja la kilomita 3 na ziwa zima. Ningekupa hata Vitz yako mwenyewe siku hiyo, tupu, eisii imezimwa, sijui kama usingecheka kidogo. Sisemi umejidanganya, gia za mkono na gari linaloshika kona ni vitu vya kweli na mikono yako haikusema uongo. Nasema hujaijaribu Swift katika maisha yenu. Buti lake ni dogo, mikungu miwili ya ndizi na gunia utaona vinagombana. Mama mkwe hajakaa nyuma yake. Ukiinunua kwa kumbukumbu ya Jumapili halafu ikaishi Jumatatu hadi Jumamosi, unaweza kuichoka ukiwa umeshaipigania, na hakuna uchovu mchungu kama huo.

Kuhusu milioni 5 zako. Ni zako kweli, na sitakwambia uzisahau. Lakini fikiria ushindi wa namna hiyo utakaa wapi. Kila Swift ikidai klachi, utailipia kimya usije ukaambiwa "si ulitaka". Na ukikubali Passo "yaishe", je, yataisha? Umeniandikia mwenyewe kwamba unajiona umevaa viatu vya mtu. Mtu wa namna hiyo hutafuta Jumapili nyingine, na uongo mwingine wa kuifichia. Sioni njia isiyo na gharama hapa. Naona tu kwamba gharama za njia moja zinaandikika kwenye daftari na za nyingine haziandikiki.

Basi tufike kwenye kwaya, na kwenye hilo daftari.

Umemchora mume wako kama mtu anayehesabu lita. Nikajiuliza kama umewahi kulisoma lile daftari tangu mwanzo. Ameandika tangu 2017. Humo ndani kuna safari za saruji. Kuna wiki ile uliyojifungua, lita zake na kilomita zake, pengine na mwandiko uliotetemeka. Kuna kila Musoma aliyokupeleka kwa mama yako. Wapo wanaoweka picha, yeye ameweka mgawanyo. Inawezekana ni ubahili. Inawezekana pia ni mtu ambaye mshahara unamtisha na hesabu ndiyo kitu pekee kinachomtii. Wewe unaishi naye, mimi nabahatisha.

Sasa mtu huyo amegundua kwamba mke wake haendi kwaya. Hakufoka, hakupekua simu yako, hakumpigia mwalimu wa kwaya. Ameandika "Swift, lita ngapi?" mahali anapojua utapaona. Wewe umelisoma kama shtaka. Linaweza kuwa shtaka. Linaweza kuwa ndiyo lugha aliyonayo ya kuuliza "ulikuwa wapi, na kwa nini si na mimi?" Na usicheke, linaweza kuwa swali la kweli, huyo ni mwalimu wa hesabu, na kuna gari limetembea mara sita bila kuandikwa.

Ukimwambia ukweli, jiandae: kinaweza kisimuume kile unachokitegemea. Mafuta ya elfu 20 atayasamehe mbio. Kinachoweza kumchoma ni kwamba uliipata furaha ukaifanya siri, kana kwamba yeye ni mtu wa kufichwa furaha. Hilo halijibiwi kwa hesabu. Usimwambie mkiwa garini, mtu akishika usukani hasikilizi vizuri, na usimwambie siku ya kulipa ada. Na usiliunganishe na bei ya Swift katika pumzi moja, ataona ni dalali anaungama. Lakini kama utaamua kunyamaza, ujue waimbaji wenzako wana midomo, na Buhongwa si mbali na popote.

Ningekuwa mimi, ningelijibu lile swali palepale alipoliandika. Chini ya mwandiko wake: tarehe sita, kadiri unavyokumbuka, elfu 20 kila moja, Usagara, Kigongo, ziwa. Halafu ningemwomba mdogo wangu gari kwa safari moja ya Musoma, wote watano, mchele na ndizi na eisii, nusu ya njia aendeshe mume, na daftari akae nalo mama mkwe. Mkirudi mtakuwa na namba moja ya kweli ya kubishania badala ya mbili za kufikirika. Inaweza kutoka 14 na akanyamaza. Inaweza kutoka 11, ukanyamaza wewe. Inaweza pia kutoka kwamba gia za mkono hazijui kabisa na mkaishia kucheka pale Kisesa gari limezima katikati ya barabara. Niandikie iliyotoka, nataka kuijua.

Na ile elfu 30 ya tochi mrudishie mdogo wako. Kwenye daftari usiiweke safu ya mafuta.

Anti